Barua kwa mwanangu: juu ya utajiri wa Tyler Perry na mkataba ulioniletea

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Ama baada ya salamu, sisi huku tu wazima, isipokuwa mgongo wangu ambao hulalamika alfajiri na kusahau ifikapo mchana. Barua yako tumeipata na tumeisoma, mama yako kwa sauti na mimi kimya, kama ilivyo desturi ya nyumba hii.

Umeniuliza jinsi Tyler Perry, yule mtayarishaji wa filamu na tamthilia wa Marekani, alivyopata utajiri wa dola bilioni moja, na kama kilichomfikisha huko ni kipaji au ni bahati. Ni swali zuri. Lakini nyuma ya barua hiyo umebana kurasa za mkataba ambao kituo cha televisheni kinataka uutie sahihi kwa ajili ya tamthilia yako, ukaandika pembeni kwamba umezileta "nizione tu". Mwanangu, mimi ndiye niliyekulea. Tangu udogo wako, ukitaka sukari ulikuwa unauliza kama maji yamechemka. Basi utaniwia radhi nikikujibu habari za Perry kwa kupitia mlango wa huo mkataba, na habari za kipaji na bahati nitazigusa nikipata nafasi.

Unajua nitakapoanzia. Wewe na dada yako mmelisikia neno hili tangu hamjaanza shule, mpaka mkawa mnalimalizia kabla sijafika mwisho: ujira huliwa, hati hurithiwa. Mlikuwa mnacheka, na mama yako alikuwa anaongeza kwamba hati haipikiki. Hata hivyo sijaliacha, na habari za huyu bwana ndizo zimenizidishia kulishikilia.

Mwezi Septemba 2020 jarida la Forbes lilimtangaza Perry kuwa bilionea, na jambo jema walilolifanya ni kueleza hiyo bilioni imekaa wapi na wapi. Niliyaandika mafungu yake nyuma ya bahasha yako ili niyaone vizuri. Fedha taslimu na vitega uchumi vilikadiriwa kuwa dola milioni 300. Studio yake iliyoko Atlanta, milioni 280. Hisa zake katika BET+, huduma ya kutazama vipindi kwa mtandao, milioni 60. Nyumba na vitu vya anasa, ambavyo ndivyo watu huvipiga picha na kuvisimulia, milioni 40 tu. Fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la kazi zake mwenyewe za miaka yote, yaani maigizo, filamu na tamthilia alizokwisha kuzimaliza na kuziweka kabatini, ambazo zilikadiriwa kuwa milioni 320. Tazama hapo, mwanangu. Kazi ambazo alikwisha kuzilalia usingizi zilikuwa na thamani kuliko fedha zake benki. Wenzake wengi wenye kipaji kama chake, na wengine wenye kipaji kikubwa zaidi, wametunga kazi nzuri na wamelipwa vizuri, lakini kabati zao zina picha za ukumbusho tu, kwa kuwa kazi zenyewe ni za watu wengine.

Lakini hakuanza na kabati. Alizaliwa New Orleans mwaka 1969, katika nyumba ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, baba alikuwa akimpiga vibaya. Alihamia Atlanta, na mwaka 1992 akachukua dola 12,000 alizokuwa ameziweka akiba, akakodi ukumbi na kuonyesha igizo lake la kwanza. Watu waliokuja walikuwa kama thelathini. Akiba yote ikaisha. Kwa miaka iliyofuata alifanya vibarua vya kila namna, akarudi jukwaani na kuanguka tena, na kuna nyakati alilala ndani ya gari lake. Mwaka 1998 ndipo igizo lile lile lilipojaza ukumbi Atlanta na watu wakapanga foleni nje. Kuanzia hapo alizunguka mji kwa mji, akiwaendea watazamaji ambao studio kubwa hazikuwajali, yaani Wamarekani weusi waendao kanisani, wengi wao akina mama, ambao walikuja kwa mabasi kutoka makanisani mwao. Hadi kufikia mwaka 2005, maigizo yake yalikuwa yameuza tiketi za zaidi ya dola milioni 100, na maigizo hayo yalirekodiwa kwa kanda za video ambazo aliziuza mwenyewe kwa watu wale wale.

Nilipofika kwenye habari ya kanda za video ilinibidi niiweke kalamu chini, na mama yako akaniuliza kama ni basi lile tena. Nikamwambia ndiyo, ni basi lile.

Kisa hiki mama yako hukisimulia kama kichekesho na mimi hukisimulia kama kesi, na wewe ambaye ulikuwemo hukumbuki chochote. Unajua nilivyokuwa nikiigiza mzee bahili katika kikundi chetu, na unajua kwamba maneno ya mzee yule niliyatunga mwenyewe, mengine jukwaani papo hapo. Siku moja msambazaji mmoja wa kanda alikuja na kamera, akarekodi igizo zima kwa usiku mmoja, akamlipa kiongozi wetu kwa mkupuo, naye kiongozi akatugawia sawasawa mbele ya kila mtu, hata mpiga ngoma hakupunjwa. Kiongozi yule alikuwa mtu mwaminifu na sijapata kumlaumu. Tulifurahi. Mgao wangu ulinunua magodoro, na magodoro yale mliyalalia nyinyi.

Miaka iliyofuata tukasafiri na basi la usiku kwenda msibani. Juu ya kiti cha dereva kulikuwa na televisheni, na gari lilipotoka tu mjini wakaweka kanda. Nikasikia sauti yangu. Abiria wote wakanyamaza, kisha wakaanza kucheka pale pale nilipokusudia wacheke, na bwana aliyekaa pembeni yangu alikuwa akijipiga paja na kunigusa bega ili nisipitwe, kwa kuwa kwenye kanda nilivaa ndevu za bandia na hakuweza kunijua. Wewe ulikuwa umelala mapajani mwa mama yako. Ukaamka, ukasikiliza kidogo, ukanyoosha kidole kwenye televisheni ukasema, "Baba." Watu wakaangua kicheko. Kondakta, ambaye wakati huo alikuwa amefika kwetu kukusanya nauli, akasema, "Huyu mtoto naye kachagua baba bahili namna hii!" Mama yako akaninong'oneza nimwambie kwamba ni mimi, huenda akatupunguzia. Nikatoa nauli kamili nikamkabidhi. Akaipokea bila kunitazama, macho yake yakiwa juu kwa yule mzee.

Nauli haikuniuma, na vicheko vile, nikisema kweli, vilinifurahisha kuliko makofi yoyote niliyowahi kupigiwa ana kwa ana. Kilichoniuma nilikifahamu baadaye, nilipopata habari kwamba msambazaji amefariki na wanawe wamegawana nakala za asili za kanda zake pamoja na nyumba na viwanja. Sauti yangu, maneno yangu, hata kikohozi kile cha kujifanya ambacho nilikiiga kwa marehemu babu yako, vimeandikwa katika mirathi ya watoto wa mtu mwingine, na nyinyi mlirithi magodoro. Basi ukisikia nikisema hati hurithiwa, usidhani ninahubiri.

Turudi kwa Perry. Alipotaka kuingia kwenye filamu, amesimulia kwamba wakubwa wa studio walimwambia watu weusi waendao kanisani hawaendi sinema. Kampuni ya Lionsgate ilipomkubali, yeye aliweka nusu ya gharama, akachukua nusu ya faida, na umiliki wa kazi ukabaki kwake. Filamu ile iligharimu dola milioni 5.5, ikatoka Februari 2005, ikashika nafasi ya kwanza mwishoni mwa wiki yake ya kwanza na kuingiza kiasi cha milioni 50. Mtu aliyekuja na mswada mtupu angepewa malipo ya mwandishi na tiketi ya kuhudhuria uzinduzi. Huyu alikuja na mswada, fedha za tiketi na kanda, na orodha ya watazamaji aliowakusanya mji kwa mji kwa miaka.

La televisheni ndilo ninalotaka ulisome polepole kwa sababu linakuhusu. Desturi ya biashara hiyo Marekani kwa muda mrefu ilikuwa kwamba kituo humlipa mtayarishaji fedha ambazo hazitoshi gharama za kipindi, na pengo analiziba mtayarishaji. Kwa nini mtu mwenye akili akubali hasara kila wiki? Kwa sababu kituo kilikuwa kinanunua ruhusa ya kurusha tu, na kipindi kilibaki cha mtayarishaji. Vikifika vipindi kama 100, vingeweza kuuzwa upya kwa vituo vingine virushwe kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, na wiki 20 zipite kabla ya kurudia cha kwanza. Utajiri ulikuwa huko kwenye marudio. Lakini kwa mwendo wa vipindi ishirini na kitu kwa mwaka, kufika 100 ni kazi ya miaka minne au mitano, na tamthilia nyingi hufa kabla ya hapo zikimwachia mwenyewe madeni.

Perry hakutaka kungoja. Alitengeneza vipindi 10 vya House of Payne kwa fedha zake, vikajaribiwa mwaka 2006 kwenye vituo vichache, na watu walipovipenda, kituo cha TBS kikaagiza tamthilia ifike vipindi 100 kwa dola milioni 200. Soma tena, mwanangu: aliweka fedha zake kwenye 10 ili aagizwe 90. Kisha akavipiga kwa kasi ambayo wenzake waliicheka, vipindi kadhaa kwa wiki, kwa gharama ndogo, na kilichobaki kati ya bei na gharama kilikuwa chake.

Wala hakuwa wa kwanza kuigundua njia hiyo. Mwaka 1951 waigizaji Desi Arnaz na mkewe Lucille Ball walitaka kupiga vipindi vyao vya I Love Lucy kwa filamu, huko huko California walikoishi, badala ya kuvirusha moja kwa moja kutoka New York kama ilivyozoeleka. Gharama ilipanda, wao wakakubali kupunguziwa ujira, na badala yake wakadai filamu hizo ziwe mali yao. Wakati huo hakuna aliyeona thamani ya kipindi kilichokwisha kurushwa. Baada ya miaka michache walikiuzia kituo cha CBS vipindi hivyo hivyo kwa mamilioni ya dola, na punde wakanunua studio za RKO, ambako Lucille aliwahi kuwa mwigizaji wa kuajiriwa. Mimi hapo huwa nafurahi, kisha furaha inaingia doa, kwa sababu waliuza. CBS iliendelea kuvirusha kwa miongo mingi, na kila marudio yalikuwa ya CBS. Mama yako anasema huo ni uroho, kwamba mtu aliyepata mamilioni na studio juu yake hana cha kulilia. Huenda ana haki. Lakini Perry ametunza kabati lake, na mimi namwona kama mtu aliyepanda minazi: ya kwanza alipanda kwa tabu na sasa inadondosha nazi akiwa anapanda mingine.

Halafu akatafuta shamba lenyewe. Mwaka 2015 alinunua ekari 330 za kambi ya zamani ya jeshi, Fort McPherson, mjini Atlanta, kwa dola milioni 30. Ni mahali ambapo askari wa majimbo ya Kusini yaliyopigania kubaki na utumwa waliwahi kufanyia mazoezi yao, na tarehe 5 Oktoba 2019 mjukuu huyo wa waliotumikishwa alikifungua kiwanja hicho kama studio yake, yenye kumbi 12 za kupigia picha zenye majina ya wasanii weusi kama Sidney Poitier, Cicely Tyson na Harry Belafonte. Mwaka uliofuata korona ilipofunga studio duniani, yeye aliwaita waigizaji na mafundi wake mwezi Julai, akawapima, akawalaza humo humo katika nyumba za zamani za kambi, na kumaliza msimu mzima wa tamthilia kwa muda wa wiki mbili hivi. Aliyekodi ukumbi angengoja amri ya mwenye ukumbi.

Sasa nitasema kinyume changu, kwa sababu nikinyamaza wewe utakisema, na utakisema vibaya.

Mwaka 1992 Perry alimiliki kila kitu. Igizo lilikuwa lake, faida yote ilikuwa yake, hati zote alizishika mkononi, na bado aliishia kulala garini. Ni mtu yule yule, na igizo ni lile lile lililokuja kujaza watu miaka sita baadaye. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba kumiliki peke yake kunatajirisha. Hati ya kitu ambacho watu hawajakitaka bado ni karatasi, na karatasi, kama mama yako asemavyo, haipikiki. Halafu kuna huyu msambazaji wetu. Mimi nimemsema miaka yote, lakini kikundi chetu hakikuwa na kamera, wala fedha ya kamera, wala mtu wa kupeleka kanda stendi za mabasi. Bila yeye mzee bahili angekufa siku kikundi kilipovunjika, na wewe usingepata kunyoosha kidole. Je, alitunyonya au alituhifadhi? Nikiwa nimeshiba nasema alituhifadhi.

Tena Perry amesimulia kwamba katika miaka ile ya shida mama yake mzazi alimsihi aache maigizo, atafute kazi ya kudumu katika kampuni ya simu, kazi yenye mshahara na mafao. Watu husimulia jambo hili wakimcheka yule mama. Mimi sijaweza kumcheka. Mzazi aliyemwona mwanawe amepoteza akiba yake yote kwa watu thelathini, aseme nini? Kama igizo lisingejaza watu mwaka 1998, tungesema mama aliona mbali. Hapo ndipo nakubali kwamba bahati ipo, kwa kuwa mtu hapangi mwaka ambao watu watamtaka. Na kipaji kipo, maana waliokuja mwaka 1998 hawakuja kutazama mkataba. Haya, swali lako nimelijibu. Tuendelee na la maana.

Kuna jingine linalonisumbua zaidi. Mwaka 2008 chama cha waandishi cha Marekani kilimlalamikia Perry kwamba kampuni yake imewafukuza waandishi wanne waliokuwa wanataka mkataba wa chama. Kampuni ilijitetea kwamba tatizo lilikuwa ubora wa kazi yao, na baadaye pande hizo mbili zikapatana. Sikuwepo na sitahukumu. Ila nilipoisoma habari hiyo nilijiona kwenye basi, na safari hii mwenye kanda ni mtu niliyekuwa nikimsifu. Mtu anayeshika kila hati lazima awe na watu wasioshika hata moja. Miaka ya baadaye amejivunia hadharani kwamba tamthilia zake anaziandika mwenyewe bila chumba cha waandishi, na wakosoaji wengi wanasema inaonekana. Spike Lee, mwongozaji filamu mweusi, naye alizikosoa kazi zake kwa maneno makali mwaka 2009, kwamba zinarudisha vichekesho vya kuwadhalilisha watu weusi. Perry alikasirika, lakini ilipofika mwaka 2019 ukumbi mmoja kati ya zile 12 ulikuwa na jina la Spike Lee. Hilo lilinipendeza sana, ingawa sijui kama lilimpendeza Spike Lee.

Kwa hiyo ukiwa na tamthilia yako, na yule kijana anayekusaidia kuandika mazungumzo, ambaye dada yako ameniambia kwamba nusu ya vichekesho ni vyake, na yeye umwandikie hati yake. Hilo si ushauri, hilo ni agizo la baba.

Tuje kwenye kurasa zako. Kifungu cha 9 kinasema unakabidhi haki zote "ulimwenguni kote, kwa muda wote wa uhai wa hakimiliki, kwa njia zote zilizopo sasa na zitakazobuniwa baadaye". Nimekisoma nikamwita mama yako akisome. Msambazaji wetu wa kanda hakuwa na maneno makubwa hivyo. Yeye alichukua kanda tu, na kama kungetokea njia mpya ya kuonyesha, pengine tungekuwa na la kusema. Hawa wamenunua hata mashine ambayo haijazaliwa. Kifungu cha 11 kinasema ukihitajika msimu wa pili wanaweza kumpa mtu mwingine auandike, na wahusika ni wao. Yaani yule bibi mwenye duka, ambaye kila mtu katika ukoo huu anajua ni shangazi yako aliyebadilishwa jina, atasema maneno ambayo wewe hukumpa. Na kifungu cha 14 kinasema mtu akishtaki kuhusu hadithi, gharama utazilipa wewe. Mali yao, kesi yako. Hapo niliinuka nikaenda kunywa maji.

Lakini fedha wanazotoa ni nyingi, siwezi kukataa. Zinalipa deni la kamera, zinawalipa waigizaji ambao umewaahidi kwa muda mrefu, na zinakuacha na cha kuanzia kazi ya pili ambayo unaweza kuishika mwenyewe. Mkono mtupu haulambwi. Perry alifika kwa Lionsgate akiwa na fedha za tiketi. Wewe hujauza tiketi hata moja, na kukuambia ufanye kama yeye kabla hujapata alichokuwa nacho ni kukupeleka garini ukalale. Nalijua hilo. Kisha nikishalijua, ujira huliwa, na narudi pale pale.

Sitakuambia utie sahihi, wala sitakuambia urudishe. Ulimi unaniwasha, mama yako ni shahidi, lakini wewe ni mtu mzima na jina litakalokuwa chini ya karatasi si langu. Ila kabla ya kuamua, waulize kama wako tayari kununua ruhusa ya kurusha kwa miaka kadhaa badala ya kununua tamthilia yenyewe, hata kama bei itashuka, na usikie inashuka kiasi gani, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo bei wanayoijua wao ya kile unachokitoa bure. Wakikataa kabisa, waulize mrabaha, yaani fungu lako, wa marudio na wa mauzo ya nje, hata uwe mdogo, alimradi uandikwe. Waulize ni nani atakayetunza faili za asili, na kama wasipoirusha kwa muda fulani haki zinarudi kwako au zinaozea kabatini mwao. Bibi mwenye duka jaribu kumtoa kwenye mkataba. Na kifungu cha 14 mpe wakili akisome, wakili wako, asiwe yule waliyekupendekezea wao.

Nilikuwa nimefika hapa nikampa mama yako barua aisome kabla sijaifunga. Amesema nimekuchosha kwa habari za basi, kwamba kazi ni kazi, na kwamba magodoro yale yalikuwa mazuri. Anasema ataandika barua yake mwenyewe kesho, na usiwajibu watu wa kituo mpaka uwe umeisoma na yake.

Ni mimi baba yako.